Mafunzo ya rubani mpya wa ATR, Lubumbashi: simuleta ni nzuri, udhaifu uko baada yake

Tunachopima hapa ni huduma moja: mafunzo ambayo shirika dogo la ndege lenye makao Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, humpa rubani msaidizi aliyeajiriwa sasa hivi, tangu siku anaposaini kontra hadi siku anaporusha abiria bila mwalimu pembeni. Jina la shirika hatulitaji, maana makosa tutakayoyaeleza si ya mmoja. Ndege ni ATR 72, ile ya pangaboi mbili inayobeba watu sabini hivi. Mwanafunzi tunayemfikiria ana leseni ya rubani wa biashara, kibali cha kuruka kwa vyombo, masaa mia chache ya Cessna, na familia iliyokwisha kuuza kiwanja ili asome.

Kauli yetu tuitoe mapema. Simuleta ni nzuri na inastahili pesa yake. Darasa ni la wastani. Kinachoangusha programu ni kipindi kati ya mtihani wa simuleta na safari za kwanza na abiria: mwanafunzi anarudi nyumbani akiwa moto, halafu anakalishwa mpaka anapoa.

Karatasi kwanza

Kontra huwa na kifungu kinachomfunga rubani miaka miwili au mitatu. Akiondoka kabla, analipa gharama ya kibali cha aina ya ndege. Hilo ni la kawaida duniani, si wizi. Pa kukodolea macho ni kwenye maelezo madogo. Deni lipungue kila mwezi anaofanya kazi, lisikae palepale hadi siku ya mwisho. Liwe sawa na kiasi kilicholipwa kweli, na risiti ya kituo cha simuleta iambatanishwe. Halafu muda wa kufungwa unaanza kuhesabiwa lini? Ukianzia siku ya kukaguliwa safarini badala ya siku ya mtihani wa simuleta, na shirika likakukalisha miezi mitano nyumbani, miezi hiyo umeitoa bure. Iandikwe pia nani anabeba hasara kama ndege inakosa vipuri au shirika linafunga milango. Na mtu anayekuomba pesa ya "kushika nafasi" kwa simu kabla hata hujafanyiwa usaili, huyo si shirika la ndege.

Darasa

Wiki ya kwanza au mbili ni za kuijua kampuni. Kitabu cha uendeshaji kina sehemu nne: A ni kanuni za jumla, B ni ndege yenyewe, C ni njia na viwanja, D ni mafunzo. Walimu hukimbilia B kwa sababu ndiyo yenye michoro ya injini. Mwanafunzi mwenye akili hujisomea D usiku, maana ndiyo inayosema anadaiwa na anadai nini: vipindi vingapi vya simuleta, mituo mingapi (yaani kutua na kupaa) kwenye ndege halisi, safari ngapi na mwalimu, nani anaruhusiwa kumfundisha. Ukijua D, hakuna wa kukuambia miezi mitatu baadaye kwamba "safari kumi zinatosha".

Somo la bidhaa hatari ndilo lililotufurahisha zaidi, na kwa mji wa migodi ni haki yake. Huku mizigo haifanani na ya mahali pengine. Kuna sampuli za mawe, kuna bidoni iliyobaki na tone la asidi, kuna jenereta iliyotumika ambayo mwenyewe anaapa tangi halina kitu huku harufu ya petroli inamsuta. Tangi lililomwagwa bado lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Mwalimu mzuri huleta vitu hivyo mezani na kuuliza kila mmoja: kinapanda au hakipandi?

Kwa betri za akiba hesabu ni fupi. Zidisha miliampea-saa kwa volti, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa. Betri ya simu ya miliampea-saa 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74: inaingia na abiria mkononi. Ya 30,000 ni 111: inahitaji ruhusa ya shirika, kwa kuwa kizingiti ni 100. Zaidi ya 160 haipandi na abiria. Na betri ya akiba, hata iwe ndogo namna gani, haiwekwi kwenye mizigo ya chini, kwa sababu ikiwaka kule hakuna mkono wa kuizima.

Somo la kufanya kazi kwa ushirikiano ndani ya chumba cha rubani hutolewa kwa picha za ukutani na huisha kwa watu kutikisa vichwa. Hapa panapwaya. Kijana wa huku amelelewa kutomsahihisha mzee mbele za watu, na komanda, yaani rubani mkuu, ni mzee mara mbili, kwa umri na kwa cheo. Kumwambia "sema ukiona kosa" hakumsaidii. Kinachosaidia ni kumpa maneno yenyewe na idadi yake. Mara ya kwanza: "Komanda, kasi." Hakuna jibu. Mara ya pili, na tarakimu: "Komanda, kasi iko chini kwa kumi." Bado hakuna jibu? Basi komanda huenda amezimia au akili yake haipo pale, na msaidizi anashika ndege. Hilo lifanyiwe mazoezi kwa sauti, mwalimu akijifanya bubu, mpaka mdomo uzoee. Adabu haipungui. Neno komanda bado lipo mwanzoni mwa sentensi.

Simuleta

Kongo haina simuleta kamili ya ATR, kwa hiyo watu wanasafiri. Toulouse ndiko ndege inakotengenezwa na ndiko kituo chake kikuu cha mafunzo. Kuna vituo vingine pia. Kokote uendako, maandalizi ni yale yale: pasi yenye muda wa kutosha, viza, kadi ya njano ya homa ya manjano, cheti cha afya cha daraja la kwanza ambacho hakitakufa katikati ya mafunzo, leseni, na barua ya mamlaka ya usafiri wa anga inayothibitisha kwamba leseni hiyo ni ya kweli. Barua hii ndiyo husahaulika, na kituo kinaweza kukataa kukuingiza bila hiyo.

Jambo la pili ni lugha. Rubani wa huku amesoma shule kwa Kifaransa, lakini vitabu vya ATR na orodha za dharura ni Kiingereza. Kiwango cha 4 cha lugha ya anga kinakutosha kupata kibali. Hakikutoshi kusoma ukurasa wa moshi ndani ya ndege huku kengele inalia. Tafuta orodha za dharura mwezi mmoja kabla, uzisome kwa sauti.

Vipindi ni vya saa 4, wawili wawili: saa 2 unashika ndege, saa 2 unamsaidia mwenzako. Kabla yake kuna maelezo ya saa moja na nusu hivi, na baada yake majadiliano. Simuleta haina usiku wala mchana, inauzwa saa zote, na mashirika madogo hununua saa za bei nafuu. Usishangae kipindi chako kikianza saa nane usiku. Usingizi upangwe kama somo.

Kila dakika ndani ya kile kisanduku inalipiwa, kwa hiyo isitumike kutafuta swichi. Kuna picha ya karatasi ya chumba cha rubani yenye ukubwa kamili. Bandika ukutani, weka viti viwili mbele yake, kaa na mwenzako, mpitishe mikono kwa mpangilio: juu, kati, chini, nani anagusa nini, nani anasema nini. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Umeme ukikatika, mshumaa unatosha. Karatasi haina haja ya SNEL, shirika la umeme. Wanaofanya hivyo wanafika kipindi cha tatu wakiwa wanarusha ndege. Wasiofanya bado wanatafuta swichi ya pampu.

Zoezi linalokula wanafunzi ni injini kufa wakati wa kupaa, mara tu baada ya V1, ile kasi ambayo ukishaivuka husimamishi tena ndege ardhini. Injini ya kushoto inakufa, pua inavutwa kushoto, mguu wa kulia unasukuma pedali mpaka pua inyooke. Kwenye ATR mtambo wenyewe unageuza mapanga ya injini iliyokufa yakate upepo kwa ncha yasiikokote ndege, na papo hapo injini iliyo hai inaongezewa nguvu, toka asilimia 90 ya msokoto hadi 100. Kazi ya rubani katika sekunde hizo ni kunyoosha pua, kushika V2, kasi salama ya kupanda kwa injini moja, na kuagiza magurudumu yainuliwe. Mikono mingine yote itulie mpaka ndege ifike angalau futi 400 juu ya ardhi.

Kosa la kawaida si woga. Ni haraka ya mkono. Tarehe 4 Februari 2015 huko Taipei, ATR 72-600 ilipaa, mapanga ya injini ya kulia yakajigeuza, na marubani wakapunguza nguvu ya injini ya kushoto, iliyokuwa nzima, kisha wakaizima. Watu 43 walikufa. Ndiyo maana utaratibu unamtaka mmoja aweke mkono juu ya wenzo, ataje ni wa upande gani, na mwenzake aangalie na kuthibitisha kabla haujasogezwa hata kidogo. Mwalimu anayekubali uthibitisho wa mdomo bila macho kugeuka anakuharibu. Mkaguzi mkali huwa anatazama shingo ya msaidizi, kama imegeuka.

Sasa tufike kwenye lawama yetu kubwa juu ya simuleta, na si ya kituo, ni ya shirika linalonunua. Ukiwasha simuleta ya Toulouse bila kubadilisha kitu, uko Toulouse: futi 499 juu ya bahari, hewa nzito na ya ubaridi, injini zina nguvu tele. Ndege yenye injini moja inapanda kama mbuzi. Mwanafunzi anafaulu, anarudi, na hajawahi hata siku moja kuona ndege yake inavyokuwa Luano mwezi wa kumi.

Hesabu yenyewe ni hii. Luano iko futi 4,295. Kwa mwinuko huo hewa ya vitabuni ingekuwa nyuzi 6 hivi. Alasiri ya Oktoba, kabla mvua hazijashika, kipimajoto kikisoma 33, tumezidi kwa nyuzi 27. Kila nyuzi moja inaongeza futi 120 hivi, kwa hiyo ndege inajiona iko kwenye futi 7,500. Mabawa yanahitaji kasi ile ile kwenye kipimo cha kasi, lakini hewa ni nyepesi: noti 110 (maili za baharini kwa saa) za kwenye kipimo ni noti 123 hivi za kweli. Nguvu ya mwendo ambayo breki zitatakiwa kuizima inazidi kwa robo. Na injini nazo zinavuta hewa hiyo hiyo nyepesi.

Halafu kuna kupanda kwa injini moja. Sheria ya kutengeneza ndege inaitaka ndege ya injini mbili iweze kupanda kwa asilimia 2.4 baada ya magurudumu kuingia, na uzito hukatwa mpaka idadi hiyo ipatikane. Watu wanasikia "inaweza kupanda" na wanatulia. Geuza iwe futi: kwa noti 120 juu ya ardhi, asilimia 2.4 ni futi 290 hivi kwa dakika. Hiyo ndiyo ndege halisi ya alasiri ya Oktoba ikiwa imejazwa mpaka ukomo wake. Mwanafunzi aliyezoea kuona sindano ikiruka anadhani kuna kitu kimeharibika, anainua pua kidogo "aisaidie", kasi inashuka chini ya V2, na sasa ndiyo kweli haipandi.

Kwa hiyo omba. Kabla ya kipindi cha nne au cha tano mwambie mwalimu wa kituo: tafadhali weka futi 4,300, nyuzi 33, na uzito tunaopaa nao kweli. Ni kazi ya dakika mbili kwenye skrini yake. Kama picha ya Luano haimo kwenye kompyuta, Johannesburg ina futi 5,558 na karibu kila simuleta inayo. Hakuna mwalimu aliyewahi kukasirika kwa ombi hilo. Shirika lililo makini huliandika kwenye mkataba wake na kituo, msaidizi asibebeshwe kazi ya kuomba.

Jambo moja dogo zaidi: alama za saa 2 unazokaa kama msaidizi ni sawa na za saa 2 unazorusha. Watu wengi hupumzika wakimaliza zamu yao ya kurusha. Wanaitika tu "ndiyo, ndiyo", hawasomi kasi, hawaoni kwamba altimita, kipimo cha mwinuko, haijabadilishwa. Mkaguzi anaandika.

Kupoa

Mtihani umepita. Mwanafunzi anashuka Luano na cheti. Mchana huo huo ndiyo mafunzo yanaanza kuharibika.

Karatasi ya mtihani inapelekwa Kinshasa ili kibali kiandikwe kwenye leseni. Inasubiri. Baada ya hapo, kwa desturi ya Ulaya ambayo vitabu vingi vya huku vimeiiga, rubani mgeni lazima atue na kupaa mara 6 hivi kwenye ndege halisi isiyo na abiria. Ndege hiyo inachoma mafuta na haiingizi hata franka, kwa hiyo zoezi linasogezwa: wiki hii ndege iko kwenye matengenezo, wiki ijayo kuna safari za kukodiwa. Miezi inakwenda. Na mikono, kitu ambacho hakuna anayekiona kwenye karatasi, inasahau.

Kinachopotea kwanza si maarifa. Mtu atakueleza mfumo wa umeme bila kukosea hata baada ya miezi mitano. Kinachopotea ni mpangilio wa mikono na maneno yake ya wakati, halafu mguu: kiasi gani cha pedali kwa nguvu gani. Siku ya mituo ya kwanza inakuwa ya kujifunza upya, na shirika linalalamika kwamba kituo cha simuleta hakikufundisha.

Tunachopendekeza kwa shirika: mwanafunzi asitumwe simuleta kabla tarehe ya ndege yake ya mituo haijaandikwa. Siku 30 kati ya mtihani na mituo ni nzuri, 45 inavumilika. Zikizidi 90 mrudishe kwenye simuleta kwa kipindi kimoja, maana hata rubani mzoefu asiyepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria. Kwa mwanafunzi: karatasi ile ya ukutani usiitoe. Omba kukaa kiti cha nyuma chumbani mwa marubani, na usikae kama abiria wa heshima. Shika saa na daftari, andika muda wa kila simu ya redio, dakika ya kuanza kushuka, uzito, mafuta yaliyobaki. Safari kumi za namna hiyo zina faida kuliko mwezi wa kulalamika mtaani Golf.

Mituo yenyewe ifanywe alfajiri, hewa ikiwa imetulia. ATR inatua karibu bapa. Kwa futi 20 nguvu zinatolewa polepole na pua inainuliwa kidogo tu. Aliyetoka kwenye Cessna anavuta usukani kama anavuta maji kisimani. Ndege inaelea, halafu inaanguka. Mwingine anatoa nguvu kwa mkupuo kwa futi 40: mapanga mawili makubwa yanakuwa kama milango miwili iliyofunguliwa upeponi, na ndege inakaa chini kwa kishindo. Haraka, na mapema mno, hapo ndipo asili ya karibu kila kutua kubaya.

Safari na mwalimu

Hapa ndipo tofauti kati ya shirika na shirika inaonekana. Kwenye safari za kwanza kuna rubani wa tatu wa usalama, kisha mwanafunzi anabaki na komanda mwalimu tu. Mwalimu mzuri anagawa: safari hii mafuta na uzito, safari ijayo redio, inayofuata hali ya hewa. Mwalimu mbaya anarusha mwenyewe, anakuachia magurudumu na kahawa, na jioni anaandika "vizuri" kwenye dosiye. Neno hilo halifundishi kitu. Mwombe aandike jambo moja la kurekebisha kila safari, hata kama ni dogo.

Yanayowaangusha wanafunzi kwenye njia za Katanga tunayajua kwa orodha, na karibu yote si ya kurusha ndege.

Saa. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi, na mipango ya safari imeandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Mtu akiwa Kinshasa anasoma 04:30, anaongeza mbili badala ya moja, anafika uwanjani ndege imekwisha kuondoka. Weka saa ya mkono kwenye UTC, usiihesabu tena kichwani.

Mwinuko. Ukitoka N'djili, uwanja wa Kinshasa wenye futi 1,027, kuja Luano, tarakimu zote zinahama. Ndege lazima iwe imetulia, kasi na njia sawa, ikifika futi 1,000 juu ya uwanja mawinguni. Hiyo kwenye altimita ya Luano ni 5,300. Mwanafunzi akiwa na 2,000 ya Kinshasa kichwani, anachelewa. Kwenye ATR za mfululizo wa 500 lazima pia mwinuko wa kutua uwekwe kwa mkono kwenye mtambo wa shinikizo la hewa. Ukiusahau ukabaki ule wa Kinshasa, ndege inafika chini ikiwa bado imejaa hewa, na watoto nyuma wanalia kwa masikio. Abiria hatajua ni kwa nini. Komanda atajua.

Kushuka. Zidisha maelfu ya futi unayotaka kupoteza kwa 3, unapata maili za baharini. Kutoka futi 18,000 kuja 5,800 ya mzunguko wa Luano ni futi 12,200, basi maili 37, ongeza tano za kupunguza kasi. Fanya hesabu kabla ya kuwasikia waongozaji, si baada.

Redio. Kuna sehemu kubwa za anga letu ambapo mnara hausikiki vizuri, na kwa Afrika marubani wamekubaliana kutangaziana wenyewe kwa 126.9: unaanza kusikiliza dakika 10 kabla ya kuingia, unajitaja, unataja njia, kimo na wakati wa kufika kituo kinachofuata. Kwa Kiingereza, hata kama mnara wa Luano umekuaga kwa Kifaransa, kwa sababu yule anayekuja kichwa kwa kichwa huenda ametoka Johannesburg. Wanafunzi huona aibu kusema peke yao hewani bila kujibiwa. Waizoee.

Rada. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, hili ndilo somo zito kuliko yote na simuleta hailifundishi vya kutosha. Mwanafunzi anainua mhimili wa rada juu mno, anaona vilele vya mawingu tu, vilele ni barafu kavu na barafu haionekani sana, skrini inakuwa safi, anafurahi. Kumbuka kwamba nyuzi 1 ya mwinamo wa mhimili kwa maili 40 ni futi 4,000. Ishushe mpaka ardhi ianze kuonekana pembeni mwa skrini, hapo unatazama tumbo la wingu penye maji. Na weusi ulioko nyuma ya wingu jekundu usiusome kama uwazi: mvua ya mbele imekula mawimbi yote, rada haioni kitu pale. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa aina ya CRJ-100 ilianguka N'djili ikijaribu kutua ndani ya dhoruba. Kati ya watu 33 alipona mmoja. Kusubiri dakika 20 hewani, au kurudi, ni kitu cha kufundishwa kwa mfano, na komanda mwalimu anayepenya "kwa sababu abiria wanangoja" anafundisha pia.

Ardhini. ATR haina injini ndogo ya mkiani. Badala yake injini ya kulia huwashwa na pangaboi lake kufungwa breki, ili itoe umeme na hewa. Abiria wanapandia mlango wa nyuma kushoto, mizigo mikubwa inaingilia mbele. Sasa fikiria watu arobaini wamekwisha kupanda, wote wamekaa nyuma, na mbele hakujapakiwa kitu. Mkia unashuka. Ndiyo maana kuna nguzo ya mkia, na ndiyo maana mwanafunzi anapofanya ukaguzi wa kuzunguka ndege anatakiwa kuiona imewekwa kabla ya kupakia, na kuiona imetolewa na kuingizwa ndani kabla ya kuondoka. Kuuliza hakutoshi. Aiguse.

Katika safari zote hizo, angalia shirika linafanya nini siku rubani mmoja akiugua. Kama mwanafunzi anaondolewa kwenye safari ya mafunzo ili mwalimu akafunge pengo mahali pengine, na jambo hilo linatokea kila wiki, basi programu ipo kwenye kitabu tu. Safari tatu kwa wiki bila kukatika zinamtengeneza mtu. Safari moja, kisha siku kumi na mbili nyumbani, kisha mbili kwa mkupuo, zinamrudisha alikokuwa kila mara.

Siku ya kukaguliwa, mkaguzi anakaa kiti cha nyuma na hasemi kitu. Safari mbili kwa kawaida, kwenda na kurudi, na moja unarusha wewe. Anachoomba kabla hata hujaingia ndani ni dosiye: safari zote zilizotiwa saini, mituo, karatasi ya bidhaa hatari, ya moto na moshi, ya huduma ya kwanza. Kurasa zisizosainiwa ndizo zinazorudisha watu nyumbani siku hiyo, mara nyingi kuliko kutua vibaya, na mwalimu aliyepaswa kusaini huwa yuko Mbuji-Mayi. Saini ziombwe jioni ya kila safari, ngazi za ndege zikiwa bado chini.